Kishika Uchumba cha Gari

Kutoa kishika uchumba cha gari Kampala, ile pesa ya kushikia gari kabla ya kulinunua, ni dakika tano. Kurudishiwa ni mimba: miezi tisa, na kichefuchefu juu.

Siku ya kutoa, ukikanyaga tu yadi ya Nakawa au pale kando ya Jinja Road, tayari wewe ni bosi. Unavutiwa kiti cha plastiki, unaletewa maji ya chupa, na kijana anapangusa vumbi kwenye Toyota Premio kwa mkono wa shati lake mwenyewe. "Ssebo, kuna mtu anakuja saa nane na keshi. Weka hata milioni tatu tu, tukushikie." Huyo mtu wa saa nane, jamani! Yuko kila yadi, kila siku ya Mungu, na hajawahi kununua hata tairi.

Siku ya kudai pesa zako, kiti hakionekani. Bosi sasa ni muuzaji, na bosi yuko Mombasa. Mabosi wa magari huwa Mombasa daima, wanatoa mzigo bandarini. Ajabu ni kwamba ukimpigia simu unamsikia kondakta wa taksi nyuma yake akiita "Ntinda, Ntinda!", mtaa wa hapahapa Kampala.

Wala si kwamba pesa zimefichwa. Mara nyingi hazipo kabisa. Gari likiwa bondi, yaani yadi ya magari ambayo hayajalipiwa ushuru, halitoki getini mpaka URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, walipwe kodi yao, basi milioni tatu zako zilikimbia kukomboa gari la mteja aliyekutangulia. Na wewe utalipwa na atakayekuja nyuma yako. Kila unapokwenda kudai, kwa kweli unamsubiri mwenzio akalie kile kiti cha plastiki.

Haya, toa risiti tuione. Si unaona? Karatasi ya kitabu cha dukani, imeandikwa "Premio nyeupe, 3m". Premio nyeupe! Simama kwenye taa za Wandegeya uzihesabu, utakosa vidole. Namba ya chesisi haipo. Bei kamili haipo. Siku ya kukabidhiwa gari haipo. Na kama bei ina kodi ndani au haina, kimya. Hapo pa kodi ndipo uchumba mwingi unapovunjikia: mnunuzi alisikia bei ya kuondoka na gari, muuzaji anaapa alisema "bila kodi", na katikati yao wamekaa ushuru wa forodha, VAT ya 18%, na tozo ya mazingira ya magari makuukuu. Kisha tazama muhuri: jina lake silo lililo getini. Yadi moja huwa na wauzaji kadhaa waliokodi nafasi, kama meza za nyanya sokoni. Ukimbana mwenye geti atakwambia huyo kijana hata hamjui, alikuwa anapita tu. Chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi: pesa hazirudishwi.

Hayo ya sisimizi yasikunyime usingizi. Kama umeghairi mwenyewe kwa sababu shemeji kasema Premio ni gari la wazee, hapo muuzaji ana la kusema, na ukipata nusu shukuru. Lakini gari halikufika? Limefika na chesisi nyingine? Au limegundulika lina zaidi ya miaka 15 tangu litengenezwe, wakati sheria ya 2018 imeshapiga marufuku kuyaingiza ya namna hiyo? Aliyevunja ahadi ni yeye. Na kwa anayependa kusema "sisi tulielewana tu kwa mdomo": Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka makubaliano yanayozidi shilingi 500,000 yaandikwe.

Ukishaenda mara ya tatu, ya nne, karani atakuomba risiti halisi "aipeleke kwa mhasibu". Usithubutu! Mhasibu huyo hana meza, hana kalamu, na pengine hajazaliwa. Mpe fotokopi. Watakuletea pia cheki ya tarehe ya mbele, ambayo benki inadunda kama mpira wa watoto, au watakubembeleza uchukue Spacio iliyo pale pembeni, "unaongeza kidogo tu". Hicho kidogo ni milioni nne, na Spacio yenyewe imeshavuja mafuta hadi majani yamekauka chini yake.

Kisha kuna malipo ya kudonoadonoa kwa mobile money. Milioni tatu kwa vipande kumi vya 300,000: kila ukitoa, kodi ya 0.5% inameza 1,500, jumla 15,000, na ada ya wakala bado. Pesa yako mwenyewe inarudi nyumbani na inatozwa nauli. Mwambie atume na ya kutolea, au aweke benki. Na kila kipande mwandikishiane salio, maana kufikia cha sita atadai alishatuma cha nane.

Polisi watakwambia hilo ni deni, si jinai, labda uwe na ushahidi wa utapeli. Kwa hiyo andika barua ya madai: kiasi, tarehe, chesisi kama unayo, na siku 14 za kulipa. Nakala mbili, ya kwako isainiwe. Wakikataa kusaini, nenda na shahidi, mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, akikubali ni bora zaidi. Siku zikiisha, mahakama ya hakimu ina utaratibu wa madai madogo, yasiyozidi shilingi milioni 10, na huko mawakili hawatakiwi. Fomu unajaza mwenyewe.

Na fomu hiyo ina miujiza. Ikifika tu yadi, Mombasa inasogea, bosi anatokea jioni hiyohiyo na viatu visivyo na vumbi la safari. Anahesabu noti polepole, mara mbili, anazikunja, kisha anachomoa elfu hamsini: za kuosha gari. Lilelile ambalo halikufika.