Nani Katengua Udhu?

Baba mkwe wangu ni mzee wa Konde, huku kwetu Pemba, kanzu imepigwa pasi saa zote na kofia ya viua haimtoki kichwani. Tangu nimuoe binti yake mimi na yeye tunazungumza mambo matatu tu: karafuu, mvua na nani kafa. Kwa hiyo aliponiambia nimpeleke Mkoani na mizigo yake, akapakie meli aende harusini Unguja, nilijua mazungumzo yatatuishia kabla hatujafika Chake.

Gari yenyewe ni pikapu ya Kijapani ya petroli, ya mwaka 1998, mtumba uliokwisha kuwa mtumba. Chumvi ya bahari imeila sakafu upande wa dereva, karibu na klachi pana tundu naona lami ikipita. Nilikuwa nimeshalizoea tundu hilo. Kilichonitia wasiwasi ni uvivu ulioiingia gari. Tambarare inakwenda, bondeni inakwenda, ikiona mwinuko inaguna. Unakanyaga mafuta mpaka mwisho, mshale wa mizunguko unafika 2500 unaganda, na petroli huku inakwisha. Na sisi Pemba ukitoka kilima hichi unaingia chengine.

Nilishaipeleka kwa mafundi. Mmoja kabadilisha filta, mwengine pampu ya mafuta, mwengine plagi. Sina ugomvi na mafundi wetu, lakini ukimpelekea gari mtu mwenye pampu ya kuuza, ugonjwa utakuwa pampu. Jirani yangu yeye alisema gari imekaliwa, ifukizwe. Mke wangu akaifukiza ubani, kwa gharama ndogo kuliko pampu na kwa matokeo yale yale.

Basi siku ya safari tukapakia magunia ya nazi, mikungu ya mkono wa tembo, na beberu mmoja mkubwa pamoja na shemeji yangu wa kumshika pembe. Mama mkwe alitupa staftahi ya kunde za nazi na mayai ya kuchemsha. Chakula hicho kikumbukeni, kina kesi mbele.

Mwinuko wa mwanzo tu, gari ikaguna, nikarudisha gia ya pili, na humo ndani ikaingia harufu ya yai viza. Si harufu ya kujiuliza. Ilikuja, ikakaa baina yetu, ikawa mtu wa tatu.

Nikamtazama mzee kwa pembe ya jicho. Kakodoa macho mbele, midomo inasoma kitu. Nikasema moyoni, subhanallah, mzee kala mayai mangapi? Lakini mkwe humuulizi jambo hilo. Nikashusha kioo. Na yeye akashusha chake.

"Joto leo," akasema.

"Joto kweli, baba."

Tulipofika tambarare gari ikachanganya, harufu ikaondoka. Mwinuko wa pili, ikarudi. Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa kichupa cha uturi, akajipaka mkononi na shingoni. Mwinuko uliofuata akajipaka tena. Kabla ya Chake sehemu ya mbele ilinuka udi na yai viza kwa pamoja, na ninakuapieni hakuna pua iliyoumbwa kuvihimili viwili hivyo. Nilijaribu kumsingizia beberu. Lakini beberu yuko nyuma, na shemeji yangu aliyemkumbatia alikuwa anaimba.

Kisha mzee akatoa kikaratasi kilichokunjwa.

"Habasoda," akasema kwa upole, bila kunitazama. "Tafuna, mwanangu. Tumbo si kitu cha kuonea haya."

Nilihisi masikio yanawaka. Kumbe huyu ananidhania mimi! Nikasema ahsante baba, nikatafuna, chungu ilioje, huku nikimuomba Mungu amsamehe mzee kwa unafiki wake.

Chake tukasimama kusali Adhuhuri. Mlangoni mwa msikiti mzee akasita.

"Mwanangu, ungetia udhu upya. Maji yapo pale."

"Ninao, baba. Nimetia nyumbani na haujatenguka." Nikameza mate, nikaongeza, kwa adabu zote nilizofunzwa: "Labda wewe, baba, ukitaka nikuchotee."

Akanitazama. Nikamtazama. Hapana aliyesema neno. Tukaenda kwenye mifereji sote wawili, tukakaa bega kwa bega, kila mmoja anatia udhu ambao anaamini mwenziwe ndiye anayeuhitaji. Na katika safu alisimama mbali nami.

Mizigo ya meli mwisho ilikuwa alasiri. Tumeshaipita Chake, tunakwenda Mtambile, gari ikazidi. Kwenye mwinuko mmoja ilishuka mpaka gia ya mwanzo, mguu wangu uko kwenye sakafu, mwendo wa maiti. Akatupita mtu wa baiskeli aliyefunga mkungu nyuma. Halafu nikasikia kengele shingoni mwa ng'ombe. Gari ya ng'ombe ikaja ubavuni, imejaa mchanga, na kijana aliyekaa juu yake akakaa sambamba na dirisha langu muda wa kutosha kututolea salamu zote.

"Ami, tukuvuteni?"

Mzee akafunga macho. Ng'ombe akatupita.

Injini ikazima pale pale. Nikaiacha irudi nyuma pembeni, kwenye majani makavu chini ya mkarafuu, bibi mmoja kaanika karafuu zake juu ya majamvi hapo karibu. Tumeshuka tu, shemeji yangu akapiga ukelele: moshi! Nikainama. Chini ya gari, katikati ya bomba la ekzosi, lile bumba la chuma limekuwa jekundu kabisa, na majani yaliyoligusa yameshashika moto.

"Mnaniunguzia karafuu zangu, nyie!" Bibi anakuja mbio na ufagio, na hii ilikuwa mwezi ambao karafuu ni pesa mkononi. Mzee wangu, mzee wa kanzu nyeupe, akavuta dumu lake la maji ya udhu akalimwaga lote chini ya gari. Majani yakazima. Maji yaliyorukia kwenye chuma yakatoa mvuke, na ndani ya bumba kitu kikalia tak! Shemeji na beberu walikuwa wameshafika juu ya kilima, sikujua nani kamkokota nani.

Bibi alitutukana mpaka akaridhika. Alipokwisha, ndiye aliyetuitia fundi, mjukuu wake, akaja kwa pikipiki na spana zimefungwa kwenye kitambaa. Kijana mdogo. Hakufungua boneti. Aliniambia niwashe, akaenda nyuma akaweka kiganja kwenye mdomo wa ekzosi.

"Piga resi." Nikapiga. "Piga!" Nimepiga, bwana. "Mbona hautoki upepo huku?"

Akangoja chuma kipoe, akaingia chini, akaligonga lile bumba kwa kipande cha ubao. Ndani mkalia vigae vilivyovunjika.

"Masega yamekufa," akasema.

Nami nikajilaza chini kuangalia. Humo ndani ya bumba, akanieleza, mna hayo masega, udongo wa kuchomwa uliotobolewa vitundu vidogo vidogo, umepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, kazi yake kuumaliza moshi mbaya kabla haujatoka nje. Wamarekani wameanza kuyafunga kwenye magari yao kwa wingi tangu mwaka 1975. Mimi nimeyajua nikiwa nimelala kwenye majivu njia ya Mtambile. Waya mmoja wa plagi ulikuwa umekatika ndani kwa ndani, akaniwekea mkononi niuone, kwa nje mzima kabisa. Silinda yake haichomi, petroli inapita mbichi mpaka kwenye masega, inakwenda kuwakia huko. Joto likazidi, udongo ukayeyuka, vitundu vikaziba.

"Sasa injini itavuta vipi?" akaniuliza. "Wewe nikikuzuia usitoe pumzi, utavuta nyengine? Ndiyo maana ikiwa tupu inajikongoja. Ukiipakia mzigo ikaona kilima, inataka kutoa moshi mwingi na njia hamna. Hiyo pampu mpya umeliwa."

Nilishajua nimeliwa. Kilichokuja baadaye ndicho sikukitarajia. Kijana akajifuta mikono, akatuuliza, bila nia mbaya:

"Na harufu hamkuisikia? Petroli ina salfa kidogo. Ikiingia kwenye masega na mafuta mbichi mengi namna hii, inatoka gesi ya yai viza. Hasa vilimani. Na kwa tundu hili la sakafu, ilikuwa inaingia yote ndani."

Kimya. Karafuu zinakauka. Mzee anaangalia kobazi zake, mimi naangalia waya wa plagi. Tundu liko upande wangu, nikafahamu, na maskini mzee wa watu alikuwa na kila sababu.

"Mimi," akasema mzee hatimaye, "nilidhani ni beberu."

"Na mimi, baba. Nilidhani ni beberu."

"Beberu hanuki mayai," akasema yule kijana, na bibi yake, aliyekuwa ameshaelewa kila kitu, akajifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika.

Kwa kuwa meli haingoji, fundi akafunga waya mwengine aliokuwa nao, akalegeza boliti pale bomba linapokutana na masega, moshi ukapata pa kutokea. Nikawasha. Pikapu ikatoa sauti ya trekta lililokasirika, lakini nilipokanyaga, mshale ukapita 2500, ukapita 3000, ukaenda zake. Nilikaribia kulia.

"Vioo vyote chini mpaka Mkoani," akaniusia kwa nguvu, "na tundu hilo liziba. Moshi unaotoka sasa hauna harufu, na huo ndio unaoua mtu."

Tukaziba kwa gunia na bamba la bati. Tulivyoingia Mkoani kuku walikimbia, watoto walikimbia kutufuata, na mtu mmoja aliyekuwa akinywa kahawa barazani alisimama na kikombe chake akidhani ni ndege. Kwenye ule mteremko wa kwenda bandarini tulimkuta kijana wa gari ya ng'ombe. Sikuhitaji kupiga honi. Mzee alitoa mkono nje ya dirisha akampungia polepole, mpaka tukampita. Mizigo iliwahi.

Masega mapya ya dukani bei yake ingenifanya niuze gari niyanunue, kisha nisiwe na pa kuyafunga. Kuna waliokuwa tayari kunitobolea lile bumba wakaniachia bomba tupu. Sikutaka, kwa sababu ninaishi na watoto nyuma ya gari hiyo na moshi ule hauendi mbali. Nikapata masega mazima ya gari iliyovunjwa, nikanunua na waya zote nne za plagi, maana ukifunga masega juu ya waya mbovu unayapika upya. Yale mabovu niliyaweka uani. Kesho yake akaja kijana na mizani ya mkononi, anataka kuyanunua kwa hiyo platinamu yake, simjui na sikumwambia mtu. Waganga wetu wanasifiwa kwa kujua mambo ya siri, lakini hawajawafikia wanunuzi wa masega.

Gari sasa inapanda kilima chochote. Baba mkwe aliporudi harusini nilimfuata bandarini. Kavaa kanzu mpya, kashiba pilau na biriani ya watu wa mjini, furaha tele. Tumefika Mtambile, injini inavuta kimya kimya, nimemuonesha mshale, kausifu. Tundu la sakafu nimelichomelea bati. Tambarare tupu, wala kilima hakuna.

Ikaja harufu.

Nilikaza macho barabarani. Mzee akakohoa. Akatoa kichupa cha uturi, akakiangalia, akakirudisha mfukoni.

"Mwanangu," akasema, "haya masega uliyofunga, mapya?"

"Mazima kabisa, baba. Fundi kayapima."

Akafikiri kidogo, akashusha kioo.

"Mrudishie," akasema. "Hayajakaa sawa."

"Inshallah, baba. Kesho nampelekea."