Bosi anamuulizia ng'ombe wangu

Jamani Kiingereza kitaniua na wala sio kwa mitihani. Siku hiyo niliamka kifua kimebana, nakohoa mpaka machozi yananitoka, herufi za simu sizioni vizuri, sasa meseji ya kumwomba bosi ruhusa ningeichapaje? Nikakumbuka simu ina kile kimaiki, unaongea tu yenyewe inaandika. Bosi Kiswahili hajui hata salamu so lazima Kiingereza.

Neno lenyewe la kikohozi ni "cough". Nalijua kwa macho toka shule, kulitamka sijawahi, nikapiga hesabu: "bough" ni bau, "plough" ni plau, basi hii ni kau, kuna ubishi hapo? Nikavuta ile sauti ya mgonjwa, ai hevu a veri badi kau, leo siwezi kuja. Nikatuma bila kusoma nikajifunika shuka.

Jibu likaja fasta. Anauliza ng'ombe ana tatizo gani.

Nikajua homa imeshapanda kichwani. Narudi juu kusoma, kweli bwana, "cow". Nina ng'ombe mbaya sana, siwezi kuja kazini. Haya, hesabu ya pili: "tough" si tafu? "Rough" si rafu, hii hii ya kwenye mpira? Basi ni kafu! Nikabonyeza kimaiki tena, soori bosi, sio kau, ni kafu. Na simu nayo ilivyo na roho mbaya ikaandika "calf". Yaani tumehama kwa ng'ombe tuko kwa ndama.

Bosi: Ooh kumbe amezaa! Hongera sana, mama na mtoto wanaendeleaje?

Nikiwa hapo hapo kitandani nikaingia mtandaoni kumtafuta mchawi wangu. Kumbe hiyo gh zamani ilikuwa inatamkwa kabisa, mkwaruzo wa kooni unaokaribiana na kh ya "kheri", yaani neno lenyewe ukilitamka ni kama unakohoa (hapo nawapa maksi). Sasa William Caxton akapeleka mashine ya kuchapa Uingereza mwaka 1476, taratibu maandishi yakaanza kuganda kwenye vitabu huku midomo ya watu inaendelea na mambo yake, ule mkwaruzo ukafa, kwingine ukageuka f, kwingine ukazimika kimya, ndo maana "though" ni dhou, "through" ni thruu, "thought" ni thoti, na "cough" eti ni kof. Kof! Hiyo o ningeiotea wapi mimi wakati jirani yake "tough" anasema a?

Nikataka kumrekebisha bosi, nafungua grupu la kazini nakuta ameshatangaza, mwenzetu kapata ndama, apumzike siku mbili amhudumie.

Siku mbili sikukataa jamani, kifua kilikuwa kinauma kweli. Shida ni huyu mhasibu, kila tukikutana kwenye ngazi anataka picha.