Kabla ya dawa, kipande cha nyama: kansa ya mapafu inapoitwa TB Lubumbashi

Bahasha ya baba mkubwa ilikuwa ya kaki, imechakaa pembeni, na ndani yake mlikuwa na radio 4 za kifua, yaani picha za eksirei. Alizitoa moja moja, akazielekeza dirishani, akanionyesha kwa kidole wingu jeupe juu ya pafu la kulia. "Wingu ni lile lile, mwanangu," aliniambia, "ila limenenepa. Aliyekonda ni mimi." Alikuwa amefanya kazi miaka 27 kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba hapa Lubumbashi. Sigara hakuvuta. Alitibiwa TB mara mbili, miezi 6 kila mara, mkojo ukiwa mwekundu kwa ajili ya rifampisini, na makohozi yake hayakuwahi kuonyesha kijidudu. Kuna kitu nilikiona siku ile nisikielewe: kucha zake. Zilikuwa zimebenuka kama mgongo wa kijiko, na ncha za vidole zimevimba kwa mviringo. Baadaye nilikuja kusoma kwamba kucha za namna hiyo, kwa mtu mzima anayekohoa na kukonda, zinatosha kumfanya daktari aulizie kansa ya mapafu. Katika mwaka mzima wa matibabu hakuna aliyemshika mkono akazitazama.

Namtaja kwa sababu kila habari ya dawa mpya ya kansa ikipita hapa mjini, watu hugawanyika pande mbili, na pande zote mbili humsahau mgonjwa wa aina yake.

Habari zenyewe ni kubwa kweli. Kansa ya mapafu ndiyo inayoua watu wengi kuliko kansa nyingine yoyote duniani: mwaka 2022 ilikadiriwa kuwapata watu karibu milioni 2.5 na kuua milioni 1.8. Kwa miaka mingi, mtu aliyegunduliwa ugonjwa ukiwa umeshasambaa alihesabiwa miezi. Kisha zikaja dawa za kuamsha kinga ya mwili. Kansa ina ujanja wa kukanyaga breki ya askari wa damu ili wasiishambulie. Dawa kama pembrolizumab inaiachia breki hiyo, na askari wanarudi kazini. Katika jaribio moja la wagonjwa ambao uvimbe wao ulikuwa na alama nyingi za breki hiyo, karibu 32 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 5, wakati kwa walioanzia kemoterapia walikuwa 16. Kuna pia vidonge vya osimertinib kwa wale ambao kansa yao inaendeshwa na jeni iliyoharibika inayoitwa EGFR. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalihusu watu waliofanyiwa upasuaji mapema kisha wakameza vidonge hivyo: 88 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 5, na kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 78. Mwenye mgonjwa nyumbani anajua watu 10 zaidi katika 100 maana yake nini.

Upande wa kwanza unasema hayo si ya kwetu, angalau si leo. Rafiki yangu muuguzi kule Katuba huliweka hivi: "Kaka, mimi asubuhi nina watoto wa malaria wawili kitanda kimoja, wewe unaniletea habari ya dawa ya dola 10,000." Bei hiyo hajaitia chumvi. Huko Marekani dozi moja ya wiki 3 ya pembrolizumab inapita kiasi hicho. Congo imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB duniani, na TB inatibika kwa dawa ambazo mgonjwa hazilipii. Dola zilezile zikielekezwa kwenye makohozi, vyandarua na oksijeni zitaokoa watu wengi zaidi, na hesabu hiyo sijaona mtu aliyeivunja.

Upande huo una hoja ya pili ambayo mara nyingi haisikiki, nayo kwangu ndiyo nzito zaidi: skana, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Jaribio kubwa la Marekani, lenye watu zaidi ya 53,000 waliovuta sigara sana, lilionyesha mwaka 2011 kwamba kuwapiga skana ya mionzi midogo kila mwaka kunapunguza vifo vya kansa ya mapafu kwa 20 katika 100. Habari hiyo ilipofika kwetu, kuna waliotaka skana kwa kila mfanyakazi wa mgodi. Lakini katika jaribio hilohilo, kila skana 100 zilizoonyesha kitu cha kutilia shaka, zaidi ya 96 hazikuwa na kansa. Hiyo ni Marekani, ambako TB ni nadra. Hapa, ambako mapafu ya watu wengi yana makovu ya TB ya zamani, mashine hiyo ingemwita kila mtu mgonjwa, halafu tusingekuwa na wa kututoa wasiwasi.

Hata hivyo wanaosema "si ya kwetu" wanakosea mahali pamoja, na kosa hilo ni kubwa. Wanaichukulia kansa ya mapafu kuwa ugonjwa wa wavuta sigara wa Ulaya. Utafiti wa miaka ya karibuni umeelekea kwingine. Timu ya Charles Swanton, katika Taasisi ya Francis Crick ya London, ilichapisha mwaka 2023 uchunguzi juu ya wasiovuta sigara wanaougua kansa ya mapafu. Walikagua mapafu yenye afya na kukuta sampuli 18 katika 100 zina seli zenye EGFR iliyoharibika, zimekaa kimya, bila kansa yoyote. Umri unapita na seli hizo zinajikusanya. Kinachoziamsha ni chembe ndogo sana za vumbi na moshi. Chembe zikifika chini kwenye pafu, seli walinzi hukasirika na kumwaga kemikali ya uvimbe iitwayo interleukini-1 beta, na kemikali hiyo ndiyo inayozihimiza seli zilizolala zianze kuzaliana. Mtu wa Lubumbashi hahitaji mchoro kulielewa hilo. Ni kaa lililozikwa chini ya majivu ya mbabula, jiko letu la makaa: usiku kucha limetulia, asubuhi mama akipepea mara mbili, linawaka.

Nani anapepea hapa kwetu? Mbabula yenyewe, kwanza, inayowekwa barazani mvua ikinyesha na mlango umefungwa. Moshi wa kuni ndani ya nyumba uliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, katika kundi la vitu vinavyoelekea kuleta kansa. Vumbi la mawe, lile la silika, liko katika kundi la uhakika tangu mwaka 1997. Aseniki, inayotembea pamoja na shaba katika mawe mengi, nayo iko kundi la uhakika. Mwaka 2022 wataalamu wa IARC walikutana tena na kuiweka metali ya kobalti katika kundi la vitu vinavyoelekea kuleta kansa kwa binadamu. Kobalti! Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka kwenye udongo wetu wa Katanga, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha tangu mwaka 2009 kwamba mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda una kobalti nyingi kupita kiasi. Mwaka 2018 walirudi na uchunguzi wa Kasulo, kule Kolwezi, mtaa ambao watu walichimba hadi chini ya vyumba vya kulala, wakakuta watoto ndio wenye kiasi kikubwa zaidi, pamoja na alama za kuharibika kwa DNA. Na aliyepita Penga Penga, hapa Lubumbashi, anajua moshi wa kiwanda, miaka mingi, ulivyopafanya mahali pale: msitu wa miombo ulikufa, udongo ukabaki wazi. Watu waliokuwa wakipumua hewa hiyohiyo hawakuhesabiwa kama miti ilivyohesabiwa.

Kwa hiyo wanaosema "ni yetu" wana haki. Majaribio yaliyoleta takwimu nilizotaja yalifanywa hasa Ulaya, Amerika na Asia. Asia, karibu nusu ya kansa za mapafu za aina ya adenokasinoma zina EGFR iliyoharibika. Ulaya ni kati ya 10 na 15 katika 100. Kwa Afrika ya kati, waliopimwa ni wachache mno. Tunachimba madini ya betri za dunia nzima, na mapafu yetu hayamo kwenye daftari la utafiti. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulisema kwa sauti ya chini.

Ila upande huu nao unakosea pale unapodhani kinachokosekana ni dawa. Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge vya EGFR vya kizazi cha kwanza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na mwaka 2025 likaongeza pembrolizumab kwa kansa ya mapafu iliyosambaa. Tuseme kesho boksi za dawa hizo zinashuka uwanja wetu wa ndege wa Luano bila malipo. Atapewa nani? Kila moja ya dawa hizi inaanza na swali ambalo jibu lake limo ndani ya kipande cha nyama kutoka kwenye pafu: ni kansa au kovu, ni ya aina gani, ina EGFR, ina alama za breki. Bila kipande hicho dawa ya dola 10,000 ni ya kubahatisha.

Na hapo ndipo tulipokwama na baba mkubwa. Nisiwe dhalimu kwa waganga wake: kijidudu cha TB hujificha, na daktari anayeanzisha dawa bila kukiona mara nyingi anaokoa maisha. Kuna pia mtego wa kazi ya mgodini, kwani aliyepata silikosi, ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi la mawe, ana hatari ya kupata TB mara kadhaa kuliko mwingine, hivyo kumfikiria TB kwanza ni akili. Kosa lilikuwa awamu ya pili. Miezi 6 imekwisha, kijidudu hakikuonekana, wingu limekua, akarudishiwa dawa zilezile. Tulipoomba biopsi, yaani kukatwa kipande hicho cha nyama, mwaka ulikuwa umeshapita. Kipande kilichukuliwa hospitali moja ya hapa, kikatiwa kwenye kichupa cha formalini, dawa ya kukihifadhi, na binamu yangu akavuka nacho mpaka wa Kasumbalesa kukitafutia wa kukisoma Lusaka, ambako Zambia ina hospitali yake ya kansa tangu mwaka 2007. Jibu lilifika wiki 3 baada ya matanga. Lilikuwa ukurasa mmoja: adenokasinoma.

Ndiyo maana ningeulizwa pesa ya kwanza iende wapi, nisingetaja dawa wala skana. Ningetaja chumba kimoja chenye mashine ya kukata nyama nyembamba kama ngozi ya kitunguu, nta, rangi, hadubini, na watu wawili au watatu waliosomea kuisoma, wanaolipwa mshahara wa kuwafanya wabaki. Chumba hicho kingemsaidia pia mama mwenye uvimbe wa titi na kijana mwenye tezi za shingo. Wenzangu wanaotaka dawa kwanza wataniona mwoga. Mimi naona dawa ikija bila chumba hicho itaishia kwa wenye uwezo wa kwenda kupimwa India au Afrika Kusini.

India yenyewe inatufundisha jambo. Madaktari wa Tata Memorial, Mumbai, walijaribu kuwapa wagonjwa wa kansa ya kichwa na shingo dozi ya miligramu 20 tu ya nivolumab, ndugu wa pembrolizumab, chini ya sehemu moja ya kumi ya dozi ya kawaida, pamoja na kemoterapia ya vidonge. Waliokuwa hai baada ya mwaka walipanda kutoka 16 hadi 43 katika 100. Haikuwa kansa ya mapafu, na matokeo hayahamishwi hivihivi. Lakini swali la "dozi ndogo kiasi gani inatosha?" liliulizwa na watu wasio na pesa ya dozi kubwa, wagonjwa wao wenyewe wakiwa mbele yao. Utafiti wa namna hiyo ungeweza kufanyika hapa, chumba cha kusoma nyama kikiwepo.

Kuna matokeo mengine nayapenda kuliko yote, nayo hayatajwi sana. Mwaka 2010 huko Marekani wagonjwa 151 wa kansa ya mapafu iliyosambaa waligawanywa: wote walipata tiba ya kawaida, nusu wakaongezewa mapema timu ya kutuliza maumivu na kuzungumza nao. Hao walioongezewa waliishi vizuri zaidi, na waliishi muda mrefu zaidi: miezi 11.6 kwa 8.9. Morfini ya maji ni rahisi kutengeneza. Uganda inaitengeneza yenyewe kwa miaka mingi. Baba mkubwa, usiku wake wa mwisho, alikuwa na parasetamol.

Pesa ipo. Kobalti ilitangazwa madini ya kimkakati mwaka 2018, mrabaha wake ni 10 katika 100, na sheria inalipa jimbo robo ya mrabaha huo. Na kinga nayo ipo: kwenye mashimo na viwandani, maji ya kulowesha jiwe wakati wa kutoboa ni teknolojia ya zamani kuliko sisi sote, na yanazuia vumbi kabla halijafika kifuani.

Binamu yangu, yule aliyevuka na kichupa, sasa anafanya kazi kwenye kiwanda cha kusaga mawe njia ya Likasi. Amekohoa tangu mwezi uliopita. Makohozi yake yamepitia mashine ya Genexpert, na jibu lilitoka siku ileile: hakuna kijidudu. Radio ina kivuli kidogo chini upande wa kushoto. Daktari, kijana mmoja, alimwambia anyooshe mikono mezani, akazitazama kucha zake moja moja, kisha akaandika ombi la biopsi.