Fungua flanji kwanza, ndipo uulize bomba la inchi ngapi

Bomba la ekzosi (la kutolea moshi) la mkonga wangu, yaani pikapu yangu, limekatwa na kuchomelewa upya mara tatu, na mara mbili kati ya hizo nililipa kwa ajili ya masikio ya watu wengine. Najua hapa Kigoma siko peke yangu. Simama pale Mwanga jioni utasikia mwenyewe: pikapu inakuja inanguruma kama meli inayoingia bandarini, inakupita, na nyuma yake bajaji tupu inaifuata bila shida.

Gari langu ni Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ. Wanaoijua hawahitaji maelezo: dizeli, silinda sita, ujazo wa lita 4.2, haina turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi. Haina haraka, haina hasira, na ukiitunza itakuzika. Napakia dagaa Kibirizi kupeleka Kasulu, na kurudi nabeba maharage. Shida yangu ni vilima. Ziwa letu liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na ukiliacha nyuma unapanda tu. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kila unapopanda mita 100, kwa hiyo gari linachoka pale pale mzigo unapolihitaji. Niliposikia kwamba bomba pana linaipa injini pumzi, sikuuliza mara mbili. Nikaagiza inchi tatu, na katauti juu yake.

Katauti, kwa asiyeijua, ni kipande cha bomba chenye mdomo wa pembeni, kinachowekwa kabla ya sailensa. Mdomo una kifuniko. Ukikifungua, moshi unatoka hapo hapo bila kupita kwenye sailensa. Za kisasa zina mota ndogo na swichi kwenye dashibodi. Yangu ilivutwa kwa waya wa breki ya pikipiki. Wala si kitu kipya: magari ya Marekani ya mwanzoni mwa karne ya 20 mengi yalikuwa nayo, dereva akiifungua kwa mguu, mpaka miji ikachoka na kelele ikaanza kuipiga marufuku.

Siku ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Siku ya pili nikapanda mlima ule ule, na mzigo ule ule, nikajikuta kwenye gia ile ile ya tatu niliyoizoea. Kilichobadilika ni kwamba utingo wangu hakunisikia nikimwita.

Nilipaswa kupiga hesabu kabla ya kutoa pesa. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili. 1HZ inafika kilele cha nguvu zake kwenye mizunguko 3,800 kwa dakika, yaani inajazwa mara 1,900. Zidisha 1,900 kwa lita 4.2, unapata karibu lita 8,000 za hewa kwa dakika, na hapo nimeihesabia kwa ukarimu. Sasa chukua zile pikapu za Kimarekani ambazo vijana wanazitazama kwenye simu, V8 ya petroli ya lita 6.2 inayofika kilele kwenye 5,600. Hiyo inameza zaidi ya lita 17,000. Inchi tatu kwake ni haki yake. Mimi nilivaa koti la mtu mwenye kifua mara mbili ya changu.

Na inchi tatu si ongezeko dogo kama namba inavyoonyesha. Ukitoka mbili na nusu kwenda tatu umeongeza nusu inchi tu, lakini tundu lenyewe limepanuka kwa asilimia 44, kwa sababu upana wa duara unajizidisha wenyewe. Moshi ule ule ndani ya nafasi kubwa zaidi unakwenda polepole. Hapa mafundi wengi wanasema injini inataka kubanwa kidogo ndipo ivute. Siafikiani nao. Hakuna injini inayonufaika kwa kuzibwa pumzi. Inachopenda ni moshi uende kasi, ili kila mpigo unaotoka uvute unaoufuata. Kwenye petroli inayokimbia mvuto huo ni mali. Kwenye dizeli ya polepole kama yangu ni mdogo, kwa hiyo sitadanganya kwamba inchi tatu iliniharibia gari. Haikuniongezea kitu, basi. Ila kwenye mwendo wangu wa kawaida ilileta mngurumo ndani ya kebini wa kuumiza kichwa mpaka unafika Kasulu.

Na hiyo "inchi tatu" yenyewe ilikuwa bomba la maji. Bomba la maji likiitwa inchi tatu, kwa nje lina milimita karibu 89, wakati bomba la ekzosi la inchi tatu lina 76, kwa sababu la ekzosi hupimwa kwa nje. La maji lina ukuta mnene pia: mita moja inazidi kilo 8, ambapo la ekzosi lenye ukuta wa milimita moja na nusu halifiki kilo 3. Nilikuwa nimefunga chuma cha kutosha kujengea geti, na vibanio vyake vilikatika kimoja baada ya kingine. Tena likiwa lile la kupakwa zinki ndiyo balaa kabisa. Fundi akilichomelea bila kulikwangua, moshi mweupe unaotoka unampa homa usiku.

Katauti ndiyo ilinimaliza. Masizi yalijaa kwenye bawaba, kifuniko kikakwama nusu wazi, na mdomo wake fundi alikuwa ameuelekeza nyuma kidogo na juu kidogo, chini ya bodi, penye upenyo kati ya mbao. Nilisafiri hivyo mpaka Kasulu bila kujua. Dagaa wa Kigoma unajua sifa yao ni weupe. Mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi akafungua gunia la mbele, akachota kiganjani, akanusa, akanitazama.

"Baba, hawa dagaa umewaanika juani au umewaanika kwenye gari?"

Nikamwambia, "Mama, nisamehe, nadhani ni turubai."

"Turubai gani lina masizi?"

Magunia mawili yalirudi nami. Nilishukuru ni dagaa. Moshi unaopenya kwenye bodi unaweza kupenya kwenye kebini pia, na huko kuna watu, na hewa ya sumu ya ekzosi haina harufu ya kukuonya. Ukilazimika kuweka katauti, mdomo utazame chini na pembeni, mbali na waya, mabomba ya breki na mpira wa gia boksi. Kwenye magari mapya usiikate kabla ya sensa ya moshi wala masega (kile kichujio cha moshi chenye matundu kama sega la nyuki), maana taa ya injini itawaka ikae hapo.

Faida pekee niliyoipata kwenye katauti sikuitarajia. Ukipanda mlima imefungwa, kisha ukarudia imefunguliwa, unajua kama bomba na sailensa vya nyuma vinabana. Tofauti ikiwa kubwa, badilisha vya nyuma. Isipokuwepo, rudisha pesa mfukoni. Na kipimo hicho hakihitaji katauti: fungua bolti za flanji (kiungio cha bomba na bomba) iliyo kabla ya sailensa, shusha bomba kidogo, fungua vioo, panda mlima mmoja mfupi, rudi ufunge. Majirani watakutukana dakika tano. Anayetaka namba achomelee nati ndogo karibu na manifodi (pale moshi unapotokea kwenye injini) na kufunga geji ya presha. Ikisoma paundi moja au mbili kwa inchi ya mraba injini ikiwa imekanyagwa kabisa, mimi ningeacha. Ikifika tano, hapo pana kizibo.

Mara nyingi kizibo kipo kwenye kona. Bomba likikunjwa kwa nguvu bila kujazwa mchanga mkavu na kupashwa moto, linajikunja kama mrija wa soda, na inchi tatu yako inakuwa mbili pale kwenye kona. Afadhali mbili na nusu yenye kona laini. Ndiyo niliyonayo sasa, na sailensa moja ya kupitisha moja kwa moja.

Wenye turbo mnasubiri zamu yenu. Ninyi ni habari nyingine: turbo inazungushwa na tofauti ya presha kati ya mbele yake na nyuma yake, kwa hiyo nyuma ya turbo, pana ni pana. Hilux ya lita 3.0 yenye turbo ikiwekewa inchi tatu kuanzia pale turbo inapotemea, siwezi kuibeza. Inaamka mapema na joto la moshi linashuka. Lakini dizeli hupata nguvu kwa mafuta yanayoungua, na bomba haliongezi mafuta.

Mwezi uliopita alikuja kijana na Hilux ya zamani isiyo na turbo, moshi mweusi, anataka inchi tatu na katauti ya umeme. Nikampa spana namba 14, akafungua flanji mwenyewe, tukapanda kilima tukishuka na kelele ya aibu. Gari halikuvuta hata kidogo zaidi. Tukarudi, nikamwambia afungue boneti atoe chujio la hewa. Aliligonga mara moja kwenye tairi, na likamwaga vumbi jekundu la kujaza kikombe cha chai.