Siku 19 za Hasheem: tunachokikosa nyumbani ni ratiba

Kila klipu ya uwanja wa chuo cha Marekani inapotua kwenye makundi ya wapenda kikapu wa nyumbani, maoni huwa yale yale: wenzetu wana pesa, sisi tuna saruji na ringi iliyopinda. Pesa wanazo, tena nyingi. Lakini sisi tunaoishi huku Marekani tukiufuatilia msimu wa vyuo kuanzia Novemba hadi Machi tunaona kwamba kinachomkuza mchezaji ni kitu ambacho hata chuo cha Dodoma kinakimudu. Ni ratiba inayomrudisha mbele ya mpinzani yule yule aliyemshinda, baada ya kupata muda wa kutengeneza kilichoharibika.

Msimu mzuri wa kulionyesha hilo ni ule wa wanaume wa Big East, moja ya konferensi za vyuo vya huku, wa 2008–09, kwa sababu mtu wetu alikuwa katikati yake. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyepita Makongo Sekondari, alikuwa mwaka wake wa tatu katika Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Urefu wake mita 2.21. Msimu huo alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kila mechi, na kwa mara ya pili mfululizo akachaguliwa mlinzi bora wa konferensi nzima.

Konferensi, kwa asiyeujua mfumo huu, ni jumuiya ya vyuo vinavyoendesha ligi yao wenyewe ndani ya mwavuli wa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Big East ya mwaka ule ilikuwa na vyuo 16, na kila timu ilicheza mechi 18 za konferensi. Wapinzani 15 unakutana nao wote walau mara moja, na watatu kati yao mnarudiana, hapo ndipo zinapotimia 18. Kabla ya hapo kuna mechi za Novemba na Desemba dhidi ya vyuo vya nje ya konferensi, za kujipima. Ligi yenyewe inashika kasi Januari na kufungwa wiki ya kwanza ya Machi, kwa kawaida mechi mbili kwa wiki. Kwa hiyo kati ya mechi na mechi kuna siku mbili, tatu, wakati mwingine nne. Sheria ya NCAA inaweka ukomo wa saa 20 za mazoezi na mechi kwa wiki, na siku moja ya kupumzika. Katika saa hizo kuna mazoezi ya uwanjani, vyuma, na kukaa gizani kutazama video ya mpinzani anayefuata.

Sasa tazama 16 Februari 2009, Hartford. Connecticut namba moja nchini, Pittsburgh wageni. Senta wa Pittsburgh ni DeJuan Blair, mita 2.01 hivi, mfupi kwa Hasheem kwa sentimita 20. Mapema kipindi cha kwanza mikono yao inanasana wakigombea ribaundi, Blair anazungusha bega, na yule mtu wa mita 2.21 anapita juu ya mgongo wake hadi sakafuni. Picha hiyo ndiyo iliyosambaa. Kwa macho ya kocha, hata hivyo, la maana lilikuwa kile Blair alichokifanya katika kila mtupo usiku ule. Mpira ukiwa bado hewani hakuutazama kwanza. Alimtafuta Hasheem kwa makalio, akaikalia paja lake, miguu imepanuka kupita mabega, magoti yamekunjwa, kisha akarudi nyuma hatua fupi fupi hadi Hasheem akajikuta chini kabisa ya ringi. Ukiwa chini ya ringi urefu haukusaidii, kwa maana mpira unaogonga chuma unaangukia mbele yako, sio juu ya kichwa chako. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Pittsburgh 76, Connecticut 68. (Baadaye, wakati wa drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kulipwa, ikajulikana kwamba magoti yake yote mawili hayakuwa na ile kano kuu ya mbele. Nguvu zile zilitoka kwenye nyonga na namna ya kusimama.)

Baada ya siku 19, tarehe 7 Machi, ratiba ikawarudisha uwanjani, safari hii Pittsburgh. Connecticut walipoteza tena, 70–60. Lakini kilichowaua kilikuwa kingine: Sam Young, mchezaji wa pembeni, alifunga 31. Tatizo la Februari lilifanyiwa kazi, likajitokeza la Machi. Huko ndiko kukua. Ni kazi ambayo haiwezekani kama mechi ya kwanza na ya pili zinatenganishwa na usiku mmoja, au kama mechi ya pili haipo kabisa.

Nyumbani mfumo wetu wa shule na vyuo ni wa kambi. UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, inaanzia shuleni, inapanda wilaya, mkoa, kisha mikoa yote inakutanishwa mahali pamoja kumaliza kazi. Michezo ya vyuo vikuu nayo kwa kawaida inakusanya timu kwenye kampasi moja kwa siku chache. Naiheshimu kambi. Inawakutanisha vijana wa Kagera na Mtwara ambao wasingeonana kamwe, na vipaji vingi tunavyovijua vilionekana hapo. Lakini kama shule ya kumfundisha mchezaji, ina kasoro kubwa. Kijana aliyebebwa kama Hasheem asubuhi anacheza tena jioni au kesho yake na timu nyingine. Kosa lake halitazamwi, halifanyiwi mazoezi, na yule aliyemfanyia hatakutana naye hadi mwakani, kama atakutana naye.

Kambi pia inahukumu kwa siku moja. Louisville ndio waliochukua ubingwa wa ligi ya Big East mwaka ule kwa kushinda 16 na kupoteza 2. Moja ya hizo mbili walifungwa na Notre Dame 90–57. Pointi 33, na timu iliyomaliza kwa kushinda 8 na kupoteza 10! Kwenye mashindano ya mtoano Louisville wangefungasha virago siku hiyo na tungesema hawana kitu. Ligi ndefu ikawapa nafasi ya kuonyesha walivyo kweli, na wakaingia mashindano ya taifa wakiwa namba moja kati ya timu zote 65. Konferensi hiyo hiyo ilitoa timu tatu kati ya nne zilizopewa nafasi ya kwanza katika kanda zao, Louisville, Pittsburgh na Connecticut, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mbili zilifika nusu fainali ya taifa kule Detroit: Villanova na Connecticut ya Hasheem, iliyotolewa na Michigan State 82–73.

Na hata wao wana kambi yao. Mwisho wa ligi vyuo vyote 16 vilikwenda Madison Square Garden, New York, siku tano mfululizo, mtoano. DePaul, waliopoteza mechi zote 18 za ligi, walishinda ya kwanza. Usiku wa 12 Machi, Connecticut na Syracuse walimaliza dakika 40 wakiwa 71–71, wakaingia dakika tano za nyongeza, na tano nyingine, hadi mara sita. Syracuse 127, Connecticut 117, saa saba na dakika 22 usiku. Wachezaji wanane walitolewa kwa faulo tano, Hasheem akiwa mmoja wao. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67 kati ya 70. Usiku uliofuata Syracuse walihitaji tena muda wa nyongeza kuwatoa West Virginia, na Jumamosi, siku ya nne mfululizo, Louisville wakawamaliza 76–66. Ndivyo kambi inavyomla mchezaji, hata mwenye daktari, barafu na kitanda cha hoteli. Tofauti ni kwamba Syracuse walifika pale wakiwa na miezi minne ya mechi mwilini. Kijana wetu wa UMISSETA anafika kambini na mechi chache tu za mkoa.

Kwa wanaojiandaa kuja huku kuna suala la sheria, kwa kuwa tunalelewa na sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Nyumbani ni robo nne za dakika 10 na sekunde 24 za kushambulia. Vyuo vya wanaume huku vinacheza vipindi viwili vya dakika 20, na saa ya mashambulizi ni sekunde 30. Enzi za Hasheem ilikuwa 35. Kinachowaponza warefu wetu zaidi ni mpira uliogusa ringi: kwa FIBA, ukishagusa chuma unaruhusiwa kuupiga kofi hata ukiwa juu ya kikapu, lakini huku ukiugusa ukiwa bado ndani ya ule mduara wa kufikirika ulio juu ya ringi, kama umetoka kwa mpinzani anahesabiwa pointi. Mkono uliozoea unachukua miezi kuacha. Kwa upande mwingine, chuoni kama kwa FIBA, mlinzi anaweza kuganda chini ya kikapu bila kumkaba mtu. NBA hairuhusu zaidi ya sekunde tatu. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye sehemu kubwa ya jibu la kwa nini Hasheem alitawala Big East, akachaguliwa wa pili kwenye drafti na timu ya Memphis mwaka 2009, kisha akapata tabu: alitolewa kwenye nyumba aliyokuwa akiilinda.

Huku nako kuna mambo ya kutoiga. Big East ilianzishwa 1979 kwa ajili ya kikapu, vyuo vya miji iliyo karibu karibu, wapinzani wanaojuana kwa majina. Kilichoivunja ni pesa za televisheni za mpira wa miguu wa Kimarekani. Kati ya 2012 na 2014 West Virginia, Syracuse, Pittsburgh, Notre Dame, Louisville na Rutgers wote walikwenda kwingine, na vyuo saba vya Kikatoliki vikabaki na jina. Connecticut walirudi 2020 baada ya kutangatanga, na leo konferensi ina timu 11 zinazocheza mechi 20, kila mmoja na kila mmoja mara mbili. Kwangu mimi ratiba hii ni bora kuliko ile ya timu 16.

Kenya wamepiga hatua tofauti. Timu za vyuo kama Strathmore Blades na USIU Tigers zimekuwa zikicheza ligi kuu ya taifa pamoja na watu wazima wa Ulinzi (timu ya jeshi) na KPA (ya mamlaka ya bandari), kwa hiyo mwanafunzi anapata mechi za mwaka mzima na anarudiana na wapinzani. Ni njia nzuri kwa vyuo viwili vitatu vyenye nguvu. Vyuo vingine vinabaki nje.

Kwa Tanzania ningechukua mfumo wa zamani wa Ivy League, wenye vyuo vinane na mechi 14. Siri yake ni jozi za safari: vyuo viwili jirani vinasafiri mwisho wa wiki mmoja kwenda kwa jozi nyingine, mechi Ijumaa, mechi Jumamosi, wanabadilishana wenyeji. Tuseme UDSM na Ardhi, kisha IFM na DIT, zote za Dar es Salaam; SUA na Mzumbe za Morogoro; UDOM na Mtakatifu Yohana za Dodoma. Kila jozi inakutana na jozi tatu, nyumbani na ugenini: wiki sita, mechi 12. Ongeza mbili za majirani wenyewe kwa wenyewe, zinakuwa 14. Jumla ni mechi 56 kwa ligi nzima, na kila chuo kinatoka nje ya mkoa wake mara mbili au tatu tu. Tangu 2024 kuna treni ya SGR Dar, Morogoro hadi Dodoma. Watu 15 kwa timu, usiku mbili.

Muda wake ni kati ya mwisho wa masika na mitihani ya muhula wa pili, kwa kuwa viwanja vingi ni vya wazi na saruji yenye maji inavunja vifundo vya miguu. Kama kampasi haina taa, Ijumaa mechi ya kwanza ianze saa nane na nusu baada ya sala, ya pili saa kumi na dakika ishirini, na saa kumi na mbili mpira umekwisha. Kitakachoharibika kwanza ni meza ya wanaoandika alama na kutunza saa. Inahitaji watu wanne: mwandishi wa alama, msaidizi wake, mtunza saa ya mchezo, na wa sekunde 24. Huyu wa mwisho ndiye anayezua ugomvi, maana anachelewa kuanzisha saa baada ya ribaundi, au anasahau kwamba timu inayoshambulia ikiokota mpira uliogusa ringi inapewa 14, sio 24. Wafundishwe wanafunzi wanane kila chuo kabla ya mechi ya kwanza, na pasipo na kibao cha taa awe na saa ya mkononi na kuita kwa sauti sekunde tano za mwisho.

Na simu moja iwekwe juu, usawa wa mstari wa kati, ichukue mechi yote bila kumfuata mpira. Faili limfikie kocha Jumapili usiku. Jumatatu senta wa SUA atazame mahali makalio ya yule wa UDOM yalipomkuta, akijua tarehe watakayorudiana.