Nyota yangu ilionekana mpaka ndani ya ndoo

Jumapili ya tarehe 9 Oktoba 2022, saa kumi na robo jioni hivi kwa saa zetu, satelaiti ya Fermi ilipigwa na mionzi ya gama mpaka vipimo vyake vikazidiwa, nyota imekufa huko mbali, mwanga wake umesafiri kama miaka bilioni mbili kutufikia, na mimi muda huo nipo Uyole, Mbeya, namenya viazi. Habari nimezipata kesho yake. Gama zenyewe anga letu linazizuia, ila vitu vilivyorushwa na ule mlipuko vikigonga gesi vinabaki vinang'aa kama makaa ya jikoni, na hayo makaa ukiwahi kamera inayanasa, ukichelewa umekula majivu.

Basi Jumatatu saa mbili usiku nikatoa darubini uani, ya mtumba, nikaielekeza kwenye kundi la nyota la Mshale, mwezi umetoka kuwa mpevu jana yake na unamulika uwanja mzima kama taa za stendi. Picha ya kwanza tu, kidoa! Saa tatu kimepungua, saa tano kimebaki kinyonge kabisa. Nikapata machozi jamani, kinafifia vilevile inavyotakiwa!! Nikatupia picha kwenye grupu la ukoo. Mjomba akauliza, "Hiyo inalipa?"

Jumanne jioni kidoa kikawa kimepanda tena. Mtu mwenye akili angeshtuka, mimi nikaandika kwenye daftari "labda vumbi" nikaendelea.

Jumatano baridi ikanishinda, nikavuta waya mpaka ndani, nikajifunika blanketi na laptopu na chai ya tangawizi. Saa nne nyota zote zikapotea kwenye picha, kimebaki kidoa changu peke yake. Nikajiambia mawingu yamefunika zote isipokuwa hiyo, kumbe ina nguvu kiasi hicho! Nikatoka nje mbio kuangalia. Mbingu nyeupe peee, hakuna wingu hata la dawa, na kwenye mdomo wa darubini kuna ndoo nyeusi imefungwa na kanga.

"Mama! Nani kaweka ndoo?"

"Mimi mwanangu, nimeona umande unakiingia hicho kidude chako. Si umesema cha hela nyingi?"

Yaani nilikuwa napiga picha ndani ya ndoo. Kidoa ni pikseli mbovu kwenye sensa ya kamera (siyo ile ya watu tuliyohesabiwa Agosti), hizo zikipata joto zinawaka na zikipoa zinafifia, na baridi ya Uyole unaijua inavyoshuka usiku. Siku tatu nimechora grafu ya baridi ya uani kwetu.

Mama kafungua kanga yake akaenda kulala, ndoo kaniachia.

Kwenye grupu sikusema kitu. Krismasi mjomba kanikamata mbele za watu, eti ile nyota yako ikoje, nikamwambia, "Ilizimika mjomba, nilipozima kamera."