Data za kupikwa zinaanzia maabara ya mwaka wa kwanza

Mwanafunzi akikamatwa na karatasi ya majibu kwenye chumba cha mtihani, chuo kizima kitajua kabla ya jioni. Ataitwa mbele ya kamati, na pengine ndiyo safari ya nyumbani. Sina ugomvi na hilo. Kinachoniuma ni udanganyifu mwingine, unaofanyika mchana kweupe kwenye vitivo vyetu vya sayansi, wala haumpeleki mtu kwenye kamati yoyote: kupika data, yaani kuandika vipimo ambavyo hukuvipima.

Chukua jaribio la pendulamu. Unaning'iniza kijiwe kwenye uzi, unapima muda wa mibembeo 20, unabadilisha urefu wa uzi, unachora grafu, unapata g, yaani kipimo cha mvutano wa dunia. Nimesahihisha ripoti hizi. Kundi baada ya kundi linaleta 9.81, nukta zote zimelala juu ya mstari bila hata moja kukengeuka. Sasa, mvutano wa dunia haulingani kila mahali. London g ni karibu 9.81, Dar es Salaam, huku jirani na ikweta, ni karibu 9.78. Saa ya kubonyeza kwa kidole haiwezi kuitofautisha hiyo kwa uhakika. Ingetupa 9.6 kwa hawa na 9.9 kwa wale. Darasa zima likitua kwenye jibu la London, basi watu wameanza na jibu la kitabuni, wakarudi kinyumenyume hadi kwenye sekunde.

Uvivu upo, siukatai. Lakini tazama mazingira: bureti, ule mrija wa kupimia vimiminika, inavuja, kundi kubwa linagombea mzani mmoja, umeme umekatika, ripoti inatakiwa Ijumaa, na ripoti ya mwaka jana ipo kwenye simu. Kisha aliyeleta 9.5 ya jasho lake anakatwa alama, aliyepika anapewa zote. Mwanafunzi anayeogopa sapu, yaani mtihani wa marudio, anaelewa haraka sana kinacholipa.

Na haya yanatokea katika nchi ya Erasto Mpemba! Mwaka 1963, akiwa shule ya sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friza ukiwa wa moto umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Hakubadilisha alichokiona. Hapohapo Mkwawa alimuuliza kuhusu jambo hilo mwanafizikia Dkt. Denis Osborne aliyetoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Fundi wa maabara wa Osborne alipolijaribu, maji ya moto yaliganda kwanza kweli. Akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo hilo, na ubishi wenyewe upo kwa sababu kijana mmoja aliandika alichokiona badala ya kilichotarajiwa.

Anayezoea kupika namba darasani hataacha siku ya mahafali. Mwanafizikia Jan Hendrik Schön alikuwa nyota wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, hadi 2002, ilipogundulika kwamba grafu za majaribio tofauti zilikuwa na mitetemo ileile, hata ile midogo isiyo na maana. Huyo alidanganya majarida. Mhitimu wetu wa sayansi ya maabara atakaa mbele ya hadubini hospitalini, akitakiwa kuhesabu vimelea vya malaria sambamba na chembe nyeupe 200. Foleni ni ndefu, macho yamechoka, na chuoni alishajifunza kukadiria namba inayopendeza. Mtoto wa nani yuko kwenye slaidi ile?

Tunaweza kuanza na mambo madogo. Vipimo viandikwe kwa kalamu, kosa likatwe kwa mstari mmoja tu, na msimamizi asaini ukurasa kabla mtu hajatoka maabara. Vipimwe vitu ambavyo jibu lake halimo kitabuni: mmumunyo wenye ukolezi anaoujua fundi peke yake, springi isiyo na lebo. Alama nyingi ziende kwenye maelezo ya kwa nini jibu limekengeuka. Wahadhiri wenzangu husema madarasa ni makubwa, muda hautoshi. Kusaini karatasi kunachukua sekunde chache, na ripoti zilizonakiliwa tunazisahihisha usiku kucha hata sasa.